Tone Chini ya Pampu: Kubadilisha Sili ya Maji Kwenye Guta na Pikipiki

Ukiegesha guta lako jioni na asubuhi ukakuta doa bichi chini ya injini, usikimbilie kumpigia fundi simu. Chukua kipande cha katoni kikavu, kitandaze pale pale, kisha usubiri. Doa la kijani, jekundu au la bluu lenye utelezi ni kulanti. Doa jeusi na zito ni oili. Doa la maji matupu yasiyo na rangi nalo lina habari yake: rejeta imekuwa ikijazwa maji ya bombani au ya kisima, na kwa sisi wa mkoa wa Singida hapo ndipo uharibifu mwingi wa pampu unapoanzia.

Kabla ya yote, hakikisha chombo chako kina pampu ya maji. Bodaboda nyingi zinazopita Ikungi, Manyoni au Kiomboi, kama Boxer BM 150 na TVS HLX, zinapozwa kwa upepo. Silinda zake zina mapezi ya kupitisha hewa, hazina rejeta wala mipira ya maji. Mtu akikudai fedha ya sili ya maji ya Boxer hiyo, chukua pikipiki yako uondoke. Pampu utaikuta kwenye maguta ya mizigo ya magurudumu matatu yenye injini za Kichina za cc 200 na kuendelea, kwenye baadhi ya bajaji, na kwenye pikipiki kubwa za safari ndefu. Injini nyingi za maguta hayo ni uzao wa Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa sana na kutunzwa kidogo. Ile ilipozwa kwa upepo. Viwanda vya China viliukuza muundo wake, na kwa kuwa guta hupanda mlima polepole likiwa na magunia ya vitunguu au alizeti, vikaizungushia silinda maji. Kwa hiyo fundi aliyezoea CG anaijua injini yako karibu yote. Kigeni kwake ni hiki kipande kidogo cha pampu, na wengi hukifungua kwa kubahatisha.

Pampu yenyewe haina mambo mengi. Shafti inayozungushwa na injini inapenya ukuta wa kava. Upande mmoja wa ukuta kuna oili, upande wa pili kuna maji, na kwenye ncha ya shafti kumefungwa kifeni kinachoyasukuma maji kati ya rejeta na silinda. Ndani ya ukuta huo mna sili mbili. Ya upande wa oili ni sili ya kawaida ya mpira, yenye mdomo unaoishika shafti na springi nyembamba ya kuukaza. Ya upande wa maji imeundwa tofauti kabisa. Ina nyuso mbili zilizosuguliwa zikawa bapa, moja ya kaboni na nyingine ya kauri. Ya kaboni imekaa kwenye kava ikisukumwa na springi, ya kauri inazunguka pamoja na kifeni, na kati yake unapita utando wa maji mwembamba usioonekana kwa jicho. Utando huo ndio kilainishi chake. Ukiendesha injini bila maji, hata kwa mwendo mfupi, nyuso hizo zinasagana kavu na kuungua. Chembe ya mchanga au ya chumvi ikiingia katikati inazichora, na mchoro mmoja tu unatosha kuyapitisha maji.

Baina ya sili hizo mbili kumeachwa nafasi tupu, na kutoka kwenye nafasi hiyo linashuka tundu dogo hadi nje, chini ya kava. Litafute kwa tochi. Hilo ni tundu la kuvujia, limewekwa makusudi ili likupe taarifa. Likitoa maji, sili ya maji imekwisha. Likitoa oili, sili ya oili imekwisha. Likitoa vyote viwili, utabadilisha zote, na kwa maoni yangu utabadilisha zote hata kama limetoa kimoja, maana kazi ya kufika pale ni ile ile na bei ya sili ya oili ni ndogo.

Tundu hilo usilizibe kamwe. Wapo wanaolijaza gundi ya gasketi, wapo wanaochomeka skrubu, na doa la chini linakauka kweli kweli. Lakini maji yaliyokuwa yakidondoka nje sasa yanajikusanya katikati ya sili mbili. Mdomo wa sili ya oili umeelekezwa kuizuia oili isitoke; haukuundwa kuyazuia maji yanayousukuma kutoka mgongoni. Unanyanyuka, na maji yanaingia kwenye injini. Katika injini hizi oili moja ndiyo inayolainisha pistoni, beringi, gia na klachi, kwa hiyo hakuna kitakachobaki salama. Tundu linaweza pia kuzibwa na tope na vumbi bila mkono wa mtu, hasa kiangazi. Ukiosha guta, lichokoe kwa waya laini.

Ili ujue kama maji yameshaingia kwenye oili, tazama kijiti au kioo cha kupimia. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Utando mwembamba wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili, asubuhi za baridi za Juni na Julai, kwenye chombo cha safari fupi fupi, unaweza kuwa unyevu wa kawaida. Ila ikiwa oili yote imebadilika, zima injini na usiiwashe tena mpaka uifungue. Kumbuka pia kwamba gasketi ya silinda hedi iliyoungua nayo hupitisha maji. Dalili zake ni mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma, na moshi mweupe kwenye ekzosi unaoendelea hata injini ikishapata moto. Ukiziona hizo, pampu si mshtakiwa wa kwanza. Angalia vilevile mipira na klipu zake, maana mpira uliopasuka juu unaweza kudondosha maji yakateremka mpaka kwenye kava la pampu. Futa kila kitu kikauke, washa injini, kaa na tochi, utazame tone linaanzia wapi.

Sasa nirudi kwenye maji yetu. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, pembeni ya mji wa Singida, ni maziwa ya chumvi, na ardhi hiyo hiyo ndiyo tunayoichimba visima. Maji mengi ya visima mkoani ni magumu, na mkoa wetu umo kwenye ukanda wenye floraidi nyingi ardhini. Tazama sufuria ya kuchemshia maji nyumbani kwako ilivyofanya magamba meupe. Magamba hayo yanajijenga pia kwenye mirija myembamba ya rejeta na kuzunguka nyuso za sili, na chumvi yenyewe inaila aluminiamu ya kava na ya kifeni. Guta likilala siku kadhaa, maji yaliyojipenyeza kwenye sili yanakauka, chumvi inabaki na kuzigandisha zile nyuso mbili. Siku unapowasha, zinabanduka kwa nguvu na kuchubuka. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha sili mpya, halisi, kwa fundi hodari, na baada ya muda mfupi akarudi na tone lile lile. Sili ilibadilishwa, maji hayakubadilishwa.

Mwinuko wa nchi yetu nao una nafasi. Mji wa Singida uko takribani meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 95, hayangoji kufika 100. Mfuniko wa rejeta huyabana kwa mgandamizo wa karibu baa 1, na mgandamizo huo ndio unaoyafanya yavuke nyuzi 115 kabla hayajachemka. Mfuniko wenye mpira uliokufa unaipunguzia injini kinga hiyo yote. Ukipandisha mlima wa Sekenke kutoka upande wa Shelui na mzigo mzito, kwa gia ndogo na upepo haba kwenye rejeta, utaona tofauti ya mfuniko mzima na mbovu. Ukinunua sili, nunua na mfuniko kama wa zamani umepasuka mpira wake.

Vifaa vya kutafuta ni sili ya maji kamili, kaboni na kauri kwa pamoja, maana uso mpya haukai vizuri na wa zamani. Chukua pia sili ya oili, oringi ya kifuniko cha pampu, gasketi ya kava, oili ya injini na kulanti. Sili ya oili ina namba tatu ubavuni, za milimeta: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Zisome kabla hujaenda dukani. Sili ya maji mara nyingi haina namba ya kukusaidia, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi, au na kava lenyewe. Usikubali inayokaribiana. Ikikosekana mjini Singida, piga picha sili pamoja na rula, tuma kwa mtu wako wa Kariakoo, nayo itakuja na basi hadi stendi ya Misuna. Ni afadhali guta lilale siku mbili kuliko kufunga sili ya kupachika.

Injini iwe imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, kwa sababu maji yaliyobanwa yakiachiwa yanalipuka kuwa mvuke usoni. Weka beseni chini, legeza bolti ya kutolea maji kwenye pampu, kisha fungua mfuniko ili yashuke vizuri. Kama kava la pampu linashika na oili, toa oili pia, maana itamwagika tu. Chomoa mipira kwa kuizungusha. Ukiivuta kwa bisibisi utaitoboa.

Mahali pampu ilipo hutofautiana. Injini nyingine inayo kwenye kava la upande, ikizungushwa kwa gia, nyingine inayo juu ubavuni mwa silinda hedi, ikizungushwa na kamshafti. Popote ilipo, bolti za kifuniko huwa na urefu tofauti. Chora umbo la kifuniko kwenye katoni, utoboe, na uchomeke kila bolti kwenye nafasi yake. Bolti ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inapasua aluminiamu, na hapo umeongeza kazi ya kuchomelea.

Kifeni ndicho kinachowashinda wengi. Kwenye injini nyingine kimefungwa kwa nati au bolti, nyingine chenyewe kina nyuzi na kinajifunga kwenye shafti. Baadhi ya nyuzi hizo ni za kushoto. Kabla hujatia nguvu, chunguza mwelekeo wake. Ukiona kinakaza zaidi, simama, ujaribu upande wa pili. Kikishatoka, toa klipu au gia iliyoishika shafti upande wa ndani, kisha uichomoe shafti taratibu kuelekea upande wa oili.

Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo inapoamuliwa kama utarudia kazi hii au la. Safisha shafti kwa petroli, uipitishe ukucha mahali mdomo wa sili ya oili ulipokuwa ukigusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu juu yake. Irudishe shafti kwenye beringi au kwenye bushi yake na uitikise. Ikicheza kulia na kushoto, nyuso za kaboni na kauri zitakuwa zikipigana badala ya kukaa sambamba, na pampu itavuja tena hata uweke sili ya dhahabu. Beringi inauzwa madukani. Bushi iliyoliwa inaweza kuchongwa upya na fundi wa mashine ya kukereza, na shafti iliyolika mara nyingi ni nafuu kuinunua mpya kuliko kuijaza na kuisugua. Shafti isiguswe na msasa wa kukwaruza mahali pa sili. Kama ina kutu kidogo, tumia ule laini kabisa wenye maji, ukizungusha, usivute kwa urefu.

Kuzitoa sili za zamani, chemsha maji kwenye sufuria pana na uzamishe kava peke yake, lisilo na mpira wa thamani, kwa dakika kadhaa. Aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma, hivyo nyumba ya sili inalegea na sili inatoka kwa kugongwa kidogo kwa nyuma. Bila joto utalazimika kuichokonoa, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi kwenye nyumba hiyo ni njia mpya ya kuvuja. Kabla ya kufunga mpya, kwangua chumvi kwa kijiti, usafishe tundu la kuvujia, ukaushe.

Anza na sili ya oili. Upande wenye springi utazame kwenye oili, na mdomo wake uupake grisi kidogo. Kisha sili ya maji. Isukume kwa boksi la spana linalokaa sawasawa kwenye ukingo wake wa nje wa chuma, na lisiiguse kaboni hata kidogo. Iingie sambamba, ikienda upande, itoe uanze upya. Kauri, pamoja na mpira wake, inaingia nyuma ya kifeni. Lainisha mpira huo kwa maji ya sabuni, usitumie grisi wala oili. Zile nyuso mbili zisiguswe kwa vidole. Kama umezigusa, zifute kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi. Rudisha shafti kwa kuizungusha polepole ili isikunje mdomo wa sili ya oili, funga kifeni kwa mkono wa wastani, kisha kizungushe kwa vidole. Kinapaswa kuzunguka kwa uzito kidogo wa springi, bila kukwaruza kava. Gundi ya gasketi, kama lazima utumie, iwe utando mwembamba sana, kwa maana ile inayojikamua kwenda ndani huishia kwenye mirija ya rejeta.

Kabla ya kujaza kulanti, suuza mfumo wote kwa maji safi mpaka yatoke bila rangi. Magamba yakiwa mengi, siki iliyozimuliwa kwa maji inaweza kukaa ndani kwa muda mfupi, halafu isuuzwe mara kadhaa. Usithubutu kutumia kostiki soda wala asidi ya betri. Hizo zinayeyusha aluminiamu yenyewe. Kulanti nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, na ile iliyoandikwa kuwa tayari imechanganywa haiongezwi kitu. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye maduka ya betri, lakini soma chupa kwa makini, maana rafu hiyo hiyo ina asidi. Ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi, ni mazuri kuliko ya kisima chochote cha hapa. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Jaza dumu lako wakati huo ulihifadhi.

Mimina polepole, upande wa rejeta ukiwa juu, huku ukiiminya mipira ili hewa itoke. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, ingurume mpaka maji yashuke ghafla, dalili kwamba themostati imefunguka, kisha ongeza na ufunge. Hewa iliyonaswa ndani huikausha sili mpya siku ile ile ya kwanza. Kama oili ilikuwa imegeuka maziwa, weka oili mpya ya bei nafuu, endesha injini dakika chache ikiwa tupu, uimwage, kisha weka ile utakayofanyia kazi. Rudia ikiwa bado ina weupe. Matone machache kwenye tundu katika safari ya mwanzo ni nyuso mpya zinazojipatanisha. Yakiendelea baada ya hapo, kuna kitu hakikukaa sawa.

Na ikikutokea njiani, tuseme kati ya Itigi na Manyoni, mbali na duka? Shusha sehemu ya mzigo, ungoje injini ipoe angalau nusu saa, ujaze maji yoyote safi uliyonayo, uende kwa mwendo mdogo ukipumzika. Ukifika, yatoe yote. Usijaze maji baridi kwenye injini inayotokota, silinda hedi itapinda. Mayai, pilipili manga na unga wa kuziba rejeta havifungi sili ya kuzunguka; vinaziba rejeta tu.

Kulanti ya zamani ina sumu, tena ladha yake ni tamu, hivyo wanyama huifuata. Kwenye mkoa unaouza kuku wa kienyeji kila stendi, usiimwage uani. Ifunge kwenye dumu, uandike SUMU, uiweke mbali na watoto na mifugo.

Nawaomba mafundi wenzangu wa Misuna, Shelui, Itigi na kila kijiwe: mteja akija na guta linalovuja, mwulizeni kwanza anajaza maji gani. Muuzieni sili, na muuzieni kulanti siku hiyo hiyo. Akikataa kulanti kwa sababu ya bei, mwambieni wazi kwamba sili haitadumu, ili asije akadhani alipewa feki.